Goti Lililorudi Mahali Pake Lisituhadae

Kijana huanguka na bodaboda, goti likachomoka. Wenzake huuvuta mguu, goti likarudi, na kwa kuwa hakuna damu wala mfupa uliojitokeza, watu husema Alhamdulillahi na kumpeleka nyumbani akakandwe. Shukrani hiyo hutolewa mapema mno.

Nyuma ya goti hupita mshipa mkuu ulishao damu sehemu yote ya chini ya mguu. Mfupa wa paja unapoachana na ule wa muundi, mshipa huo huweza kuchanika, na goti likirudi haliurudishi mshipa. Kwa hiyo cha kutazamwa kwanza ni wayo: una joto kama mwenzake? Mapigo ya damu yanasikika? Hata yakisikika, majeruhi hana budi kulazwa na kupimwa tena na tena, kwani mshipa ulioumia huweza kuziba baadaye. Huko Marekani, Green na Allen waliandika mwaka 1977 kwamba kati ya waliotengenezewa mshipa baada ya kupita saa 8, asilimia 86 walikatwa miguu. Kwa waliowahi, ilikuwa asilimia 11.

Oktoba 2017, goti la Zach Miller, mchezaji wa Chicago Bears, lilichomoka uwanjani mjini New Orleans. Madaktari wa mji ule ule walichukua kipande cha mshipa kutoka mguu wake wa pili wakaunga uliochanika. Hakucheza tena, lakini mguu anao.

Sisi je? Vijiji vina wenyeviti na makatibu (pengine hata gari la kiongozi limeegeshwa kivulini), lakini ni vingapi vilivyokwisha kuamua nani atamkimbiza majeruhi usiku hadi hospitali ya mkoa? Hatuwatukani wakandaji, wengi wanaijua kazi yao. Ila mkono wao hauungi mshipa wa damu. Serikali za vijiji zitaje gari na dereva wake kabla ya ajali.

Baada ya mshipa huja zamu ya kano, ambazo aghalabu hutengenezwa majuma kadhaa baadaye, kisha magongo, kisha mazoezi ya miezi 9 hata mwaka na zaidi. Wapo wanaobaki na wayo usioinuka kwa kuwa neva iliumia. Wakati huo mwenye pikipiki amekwisha kumkabidhi mwingine. Vyama vya waendesha bodaboda huchangia mazishi ya wanachama wao bila kusita. Vimchangie pia huyu aliye hai, anayejifunza upya kutembea.