Fazi Rahisi Haina Kosa

Nina fazi: kisanduku cha chuma cha kukanyagwa kwa mguu, kikaacho kati ya gitaa la umeme na amplifaya. Ndani mna transista mbili na betri ya volti 9. Sauti ipitayo humo hutoka imekwaruzika, mithili ya nyuki ndani ya debe.

Wenzangu hukicheka kwa urahisi wa bei yake. Mimi huwajibu kuwa sauti hii asili yake ni ubovu. Huko Nashville, Marekani, mtambo wa kurekodi uliharibika Grady Martin alipokuwa akipiga gitaa katika wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins, uliotoka mwaka 1961. Mwaka 1962 Maestro wakatoa kisanduku cha kuuiga ubovu huo, na mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones akakivumisha ulimwenguni kwa "Satisfaction". Basi urahisi wa bei una aibu gani?

Aibu niliyoipata ni ya mguu wangu. Usiku mmoja arusini nilikikanyaga mwimbaji angali anaimba, beti zikamezwa. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, sisi twaja kusikiza maneno." Niliinamisha kichwa. Tangu siku hiyo hungoja ubeti wishe ndipo nikanyage, na mwimbaji akivuta pumzi nakikanyaga tena kukizima.

Vijana, msikope pesa kwa ajili ya fazi ya ghali. Nunueni iliyo rahisi, mjifunze kuiachia. Fazi ni pilipili: ikizidi, mchuzi haulikí.