Nani Amelipima Dodoso Linalompima Mwanao?

Mzazi mwenzangu, umelala. Karatasi ya ridhaa ililetwa nyumbani, ukaisaini bila kuisoma, na wiki ileile mwanao akapewa dodoso la kupima sonona. Uliuliza limetoka wapi?

Mara nyingi ni lile liitwalo PHQ-9. Lilichapishwa Marekani mwaka 2001, baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa 6,000, wote watu wazima. Maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3. Ukifikisha 10, unahesabiwa kuwa huenda una sonona. Mstari huo wa 10 haukuokotwa: wagonjwa 580 kati yao walihojiwa upya na wataalamu wa afya ya akili, majibu yakalinganishwa. Kazi safi. Kwa watu wale.

Sasa lilete bwenini kwetu.

Kuna swali la usingizi. Kuna la uchovu. Kuna la hamu ya kula. Kuna la kushindwa kutuliza akili kwenye kusoma. Mtoto wa kidato cha nne, mtihani wa Taifa unakaribia, anaamshwa saa kumi alfajiri, anajisomea hadi usiku wa manane, na maharage yaleyale yamemkinai tangu Januari. Atajibu nini? "Karibu kila siku." Mara nne. Alama tatu mara nne ni 12. Ameshavuka mstari! Anaandikwa mgonjwa, kumbe kinachomuumiza ni ratiba ya shule. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na huyo ana nafuu. Anayenitisha ni mwenzake.

Swali la tisa linauliza kama umewaza kwamba heri ufe, au kujidhuru. Chukua binti aliyelelewa asilalamike. Maswali manane anajaza sifuri. Kwenye la tisa, mkono unamponyoka, anaweka tatu. Jumla yake ni tatu. Na tatu, kwa jedwali la alama, ni daraja la chini kabisa. Anayesoma jumla peke yake atasema yuko salama.

Salama!

Jibu la swali hilo linapaswa kufuatiliwa hata jumla ikiwa ndogo. Nani anafuatilia? Karatasi zikishatiwa kwenye bahasha na kupelekwa mjini kuingizwa kwenye kompyuta, nani amebaki na binti yule usiku ule?

Tena huyo walau amejibu kweli. Wangapi wanadanganya kwa sababu mwalimu anapita katikati ya madawati akichungulia? Mficha maradhi kilio humfichua, lakini nani aliyewafundisha hawa kuficha? Si sisi tunaowaambia "acha kudeka"?

Marekani kwenyewe hawakuridhika. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliolipima upya kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, na mstari uliowafaa ukawa 11. Lugha ni yao, watoto ni wao, na bado walipima tena. Sisi tunatafsiri, tunatoa fotokopi, tunagawa.

Wala usiniambie kwetu haiwezekani. Nairobi imewezekana: mwaka 2023 ilichapishwa kazi iliyolipima dodoso hilihili, Kiingereza na Kiswahili, kwa vijana. Basi anayekuja Kigoma au Lindi na tafsiri aliyoiandika mwenyewe juzi, ana udhuru gani? Na wewe unayemsainia, una udhuru gani?

Karatasi ya ridhaa ikija tena, usisaini. Nenda shuleni. Uliza tafsiri hii ilipimwa kwa watoto wa umri gani, na wapi. Uliza mstari wa alama ni wa nani. Uliza nani atasoma jibu la swali la tisa siku hiyohiyo, na akilikuta limejazwa atampeleka mtoto kwa nani. Wakikosa jina la mtu huyo, dodoso lisigawiwe.