Kuta za Dar es Salaam ni Matini: Rai Kuhusu Matembezi ya Sanaa ya Mitaani

Miongozo ya matembezi ya sanaa ya mitaani, ile inayomwezesha mtu kuuzunguka mji peke yake pasipo kiongozi, imeenea sasa katika miji mingi duniani. Kwa kawaida mwongozo wa namna hiyo humwonyesha msomaji mahali pa kusimama, humtajia mchoraji, na humfafanulia rangi na mtindo. Maneno yaliyoandikwa kando ya picha hayapewi uzito. Rai yetu ni kwamba, kwa mji kama Dar es Salaam, mwongozo usiosoma maandishi ya kutani umeacha nusu ya sanaa yenyewe. Aidha, tunaona kwamba kazi ya kuandika mwongozo ulio kamili inazihusu idara za Kiswahili kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote.

Tuchukue njia moja kwa mfano. Mtembezi aanzie kwenye Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake ni ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa kwa hati mbili, ya Kirumi na ya Kiarabu. Kutoka hapo afike Mnazi Mmoja, uwanja ambao watawala wa kikoloni waliuacha wazi ili kuyatenga makazi ya Waafrika na sehemu nyingine za mji. Akiuvuka anaingia Kariakoo, mtaa ambao jina lake limetoholewa kutokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wale wale wanaokumbukwa na sanamu. Kutoka Kariakoo aendelee hadi Ilala, akisoma kuta za vinyozi, za mama lishe, za mafundi na za nyumba za kawaida.

Atakayoyasoma huko yana uzito wa kitaaluma. Tutazame sentensi moja inayojulikana na kila mkazi wa jiji: "Nyumba hii haiuzwi." Kisarufi ni sentensi sahili ya ukanushi katika kauli ya kutendwa. Kipragmatiki, hata hivyo, hakuna anayekanusha jambo ambalo halijadaiwa. Ukuta unatuarifu kwamba yupo mtu anayeiuza nyumba hiyo au anayeshukiwa kutaka kuiuza, awe ndugu katika mgogoro wa mirathi au tapeli asiyehusika nayo kabisa. Ndiyo maana mara nyingi sentensi hiyo hufuatwa na onyo: "Ogopa matapeli." Mwanafunzi anayetafuta mfano wa dhanio katika Kiswahili ataupata hapo, pamoja na muktadha wake wote.

Kadhalika neno "wakala". Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, maana yake imepanuka kutoka kwa mtu anayemwakilisha mwingine hadi kibanda chenyewe cha kutolea na kuwekea fedha. Rangi iliyopakwa kibandani ni sehemu ya maana hiyo, kwa kuwa ndiyo inayomjulisha mpita njia ni kampuni ipi inayohudumiwa hapo.

Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba Kiswahili cha kutani ni kibovu na kwamba kitawapotosha wanafunzi. Ni kweli kwamba tunakuta "kalibuni" badala ya "karibuni", na "apa" badala ya "hapa". Lakini tahajia hizo ni ushahidi wa matamshi ulioandikwa na wasemaji wenyewe pasipo kuulizwa na mtafiti. Mwanafonolojia anayeupuuza atalazimika kuutafuta kwa hojaji, na kwa hojaji ataupata ukiwa umesafishwa.

Hapana budi kufanya haraka. Mabango yaliyochapwa kwa mashine yanachukua nafasi ya kazi ya mkono, na ukuta ukipakwa rangi upya maandishi yake hupotea. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akafariki mwaka 1972. Kazi ya miaka hiyo michache tunaweza kuichunguza leo kwa sababu walikuwapo wanunuzi walioitunza. Ukuta wa kinyozi hauna mnunuzi wa kuuchukua na kuuhifadhi nyumbani kwake. Misemo ya kanga na maandishi ya magari ya abiria yamekwisha kupata watafiti wake; ukuta bado uko nyuma.

Tunapendekeza, basi, kwamba kila idara iwape wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi la kutembea njia moja ya mji wao wakiwa na daftari na kamera. Wanakili maandishi kama yalivyo, bila kusahihisha. Waandike tarehe, mahali na picha inayoambatana nayo. Wamwombe idhini mwenye ukuta na, akipatikana, wamhoji mchoraji. Namba za simu na majina ya watu binafsi yafutwe kabla ya kuhifadhi. Zoezi hilo likirudiwa kila mwaka katika njia ile ile, idara itakuwa na kumbukumbu ya mabadiliko ya lugha mtaani ambayo hakuna kamusi inayoweza kuitoa, na mwongozo wa matembezi utaandikwa na watu wanaoisoma lugha ya kuta hizo.