Viunga vya Migori na Homa Bay vinapitika, havitembeki

Kila mvua za masika zinapofika, redio na magazeti yetu hurudia kauli ile ile: barabara fulani haipitiki. Msemaji hana haja ya kueleza ni nani aliyeshindwa kupita. Sote twajua kuwa ni gari. Lugha imetupa kitenzi kizuri, kupitika, nasi tumekikabidhi magurudumu. Kitenzi mwenzake, kutembeka, kinakubalika kisarufi bila dosari yoyote, ila ni nadra mno kukisikia kinywani mwa mhandisi, mwakilishi wa wadi au waziri wa ardhi katika kaunti. Sijapata kusoma ripoti isemayo kwamba mtaa fulani wa Migori hautembeki. Hata hivyo, hiyo ndiyo hali halisi ya viunga vingi vya miji yetu ya Nyanza ya Kusini, na wanaoilipia gharama ni wale ambao mwalimu huwaona mlangoni pa darasa saa moja unusu asubuhi, viatu vimejaa matope na pumzi zikiwapaa.

Tuanze na jinsi viunga hivi vinavyokua. Mji wa Migori umekaa juu ya barabara kuu ya A1, itokayo Isebania kwenye mpaka wa Tanzania na kupitia Awendo, Rongo na Kisii hadi Kisumu. Barabara hiyo ilikarabatiwa katika miaka ya karibuni kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na sasa magari yanakwenda mbio kuliko zamani. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka wa 2013, Migori imepata afisi na watumishi wapya, na watumishi wanahitaji pa kulala. Rongo ina chuo kikuu chake. Homa Bay nayo imebanwa kati ya kilima cha Asego na ziwa, kwa hiyo haina budi kunyooka kando ya barabara za kwenda Rodi Kopany, Mbita na Kendu Bay. Huko pia kuna chuo kikuu, kilichopewa jina la Tom Mboya, na maelfu ya vijana wanaotafuta vyumba vya kupanga. Matokeo ni miji iliyorefuka kama uzi: lami katikati, nyumba pande zote mbili, na shughuli zote za watu zikining'inia ukingoni mwa lami hiyo.

Hapa sharti niseme jambo ambalo wapangaji wa miji hawapendi kulikubali. Viunga hivi, hata kabla mtaalamu hajavigusa kwa kalamu, ni mitaa mseto. Tazama ploti moja ya kawaida. Mbele kuna duka la rejareja na kibanda cha M-Pesa, ubavuni, kinyozi, nyuma, safu ya vyumba sita vya kupanga, jirani, kinu cha kusaga mahindi, kanisa la mabati na shule ya chekechea. Watu wanaishi, wanauza, wanasali na wanasoma katika eneo ambalo mtu angeweza kulizunguka kwa dakika chache. Mwandishi wa Marekani, Jane Jacobs, aliandika kitabu kizima mwaka wa 1961 kuwakosoa wapangaji waliotenganisha makazi na biashara, na mji wa Paris umekuwa ukijinadi tangu mwaka wa 2020 kwa wazo la mji ambao kila hitaji la mkazi liko umbali wa dakika kumi na tano kwa miguu au kwa baiskeli. Sisi tunalo tayari nusu ya wazo hilo, tena bila kumlipa mshauri yeyote. Duka lipo, shule ipo, zahanati ipo. Kisichokuwapo ni njia ya kuvifikia.

Au tuseme ilikuwapo, ikazibwa. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hudhani kuwa njia za miguu ni anasa ambayo hatujaifikia bado, ilhali ni mali tuliyokuwa nayo tukaipoteza. Dholuo hutenganisha vizuri yo, yaani njia, na ndara, yaani barabara kuu. Zamani yo ilikuwa kila mahali. Ilikata katikati ya mashamba, ikapenya kwenye mwanya wa ua wa ojuok, ule mti wa utomvu mweupe, ikapita nyuma ya boma la fulani na kutokea shuleni au mtoni. Mwenye shamba hakuiuza wala hakuikodisha; alijua tu kwamba watu hupita hapo, kama yeye anavyopita kwa wengine.

Kisha shamba likagawanywa. Mzee amefariki, wana wanahitaji karo, mnunuzi amekuja kutoka mjini, na ekari mbili zinageuka kuwa ploti za hamsini kwa mia. Mpima ardhi anachora barabara moja ya kuingilia, kwa sababu bila hiyo ploti hazitanunuliwa, na barabara hiyo inaishia ploti ya mwisho. Haitokei popote. Mnunuzi wa kwanza anajenga ukuta wa mawe, wa pili anazungusha seng'enge, na wa tatu anaweka lango na mbwa. Shamba la jirani nalo linagawanywa mwaka unaofuata, na mpima ardhi mwingine anachora barabara yake, nayo inaishia kwenye ukuta ule ule kutoka upande wa pili. Nyumba mbili zilizopeana migongo, ambazo watoto wao wangeweza kurushiana mpira, zinakuwa mbali kwa mwendo wa kwenda hadi lami, kufuata lami, na kurudi ndani tena. Mwanafunzi aliyekuwa akikata kwa njia ya ndani sasa anasindikizwa na malori ya miwa ya Awendo.

Hapo ndipo maisha hupotea. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani zinaonyesha kuwa zaidi ya watu 4,000 waliuawa katika barabara za Kenya katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao ni watembeao kwa miguu. Sheria ya trafiki inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mjini na sokoni. Lakini kiunga kilichoota kando ya barabara kuu hakina mahali kinapoanzia wala kinapokoma. Dereva atajuaje kwamba ameingia mjini?

Kuna neno jingine ambalo linanisumbua. Barabara, kwa Kiswahili, si jina tu bali pia ni kielezi: jambo lililokaa barabara ni jambo lililokaa sawasawa. Na kiunga, ukilisikiliza neno hilo, utasikia ndani yake kuunga. Tumekuwa na barabara zisizokaa barabara kwa mpita njia, na viunga visivyounga chochote.

Wale watakaosema kwamba mipango ni jambo la wageni na waende Thimlich Ohinga, mwendo wa kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. UNESCO iliiorodhesha katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2018. Kuta zake zilijengwa kwa mawe matupu bila saruji wala udongo wa kushikizia, yamkini katika karne ya 16, na bado zimesimama. Ndani mwake palikuwa na makao, mazizi na sehemu za kazi za mikono. Milango yake ni midogo, kwa ajili ya ulinzi, lakini ndani ya ukuta kila kitu kilipimwa kwa hatua ya binadamu na ya ng'ombe. Sipendekezi turudi kuishi katika ngome. Nasema tu kwamba ardhi hii ina kumbukumbu ya watu waliopanga makao, mifugo na kazi pamoja, na ambao walijenga ukuta kuzunguka jamii nzima. Ukuta wa leo unamzunguka mtu mmoja.

Je, njia ya miguu ni ya nani? Uliza, nawe utazungushwa. Sheria ya Barabara ya mwaka wa 2007 ilizaa mamlaka tatu: ya barabara kuu, ya mashambani na ya mijini. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikazipa kaunti mipango, barabara za kaunti na taa za barabarani. Kwa hiyo A1 ina mwenyewe huko Nairobi, kichochoro kina mwenyewe kwenye makao ya kaunti, na ule ukanda wa mita tatu kati ya lami na duka, ambamo mama muuza omena, pikipiki na mwanafunzi wanagombania mahali pa kukanyaga, hauna wa kuulilia. Homa Bay ina mtaa uitwao Shauri Yako. Wenyeji wake hawana makosa. Wamelibeba jina hilo kwa fahari hata likawa la klabu yao ya kandanda. Lakini mara nyingi nimefikiri kwamba jina hilo lingefaa kubandikwa juu ya milango ya afisi zinazohusika na watembeao kwa miguu.

Suala hili linawagusa walimu kwa namna nyingine. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka wa 2024, kila mwezi mshahara wa mwalimu hukatwa asilimia 1.5, na mwajiri huongeza kiasi kicho hicho. Mwezi wa Mei 2025, siku chache kabla ya sherehe za Madaraka kufanyika Homa Bay, funguo za nyumba za mpango huo zilikabidhiwa wenyewe pale Makongeni. Nyumba bora ni jambo la heri, na sijiungi na wale wanaozibeza. Ila aliyelipa ana haki ya kuuliza maswali. Mtoto wa ghorofa ya tatu atakwenda shuleni kwa njia gani? Mama atarudi vipi kutoka sokoni jua likichwea? Mpango utakapopanuliwa, je, njia itachorwa kwanza au itakumbukwa baada ya kuta kukauka? Matajiri wameshajibu maswali haya kwa niaba yao wenyewe: Tatu City, huko Kiambu, katika ekari 5,000, inajengwa na shule, maduka, viwanda na njia za waendao kwa miguu katika mchoro mmoja. Sioni sababu kwa nini mchoro wa namna hiyo uwe wa walio ndani ya lango peke yao.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, kwamba boda boda imetatua tatizo. Tangu serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, chombo hiki kimewapa vijana wengi riziki na kuwafikisha wagonjwa hospitalini, nami nakipanda. Hata hivyo, familia yenye watoto watatu haiwezi kulipa nauli ya pikipiki asubuhi na jioni, siku tano kwa juma. Pili, kwamba kutembea ni dalili ya ufukara. Jibu hili husemwa kwa sauti ya chini, lakini ndilo lenye nguvu zaidi, maana ndilo linaloishi kichwani mwa anayepitisha bajeti. Tatu, kwamba ardhi ni ya mtu binafsi na hatimiliki haina tundu.

Hili la tatu si kweli. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012, kifungu cha 28, inataja haki ya kupita iliyokuwapo wakati wa usajili wa kwanza kuwa miongoni mwa haki zinazoifunga ardhi iliyosajiliwa hata kama hazikuandikwa katika daftari. Njia nyingi zilizozibwa huenda zinalindwa na maneno hayo machache. Aidha, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019, shamba haligawanywi kihalali bila idhini ya kaunti. Kaunti ikitaka, inaweza kukataa mchoro wowote ambao barabara yake inaishia ukutani. Haihitaji mkopo wala mfadhili kufanya hivyo. Inahitaji karani mwenye rula na mkubwa wake mwenye msimamo.

Shule zinaweza kuanza kabla ya kaunti. Mwalimu wa jiografia awape wanafunzi wake zoezi la muhula mmoja: kila mmoja achore njia anayoifuata kutoka nyumbani hadi shuleni, kisha awaulize wazazi na babu zake ni njia ipi waliyoifuata wao, na ni ukuta gani ulioikata. Michoro arubaini ikiwekwa pamoja itakuwa ramani ambayo hakuna afisi iliyo nayo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti, na ombi hilo halihitaji wakili. Mwalimu wa Kiswahili atasaidia kuliandika. Nami namwomba asisite kuandika katika aya ya kwanza kabisa, kwa herufi zinazosomeka, kwamba mtaa wetu hautembeki.