NYUMBA ZETU: Tuwapeleke Watoto Sinema?

Mwezi huu tumepokea barua ya mama mmoja wa pwani ya Kenya, na kwa kuwa jambo analoliuliza limo katika nyumba nyingi, tumeona bora tulijibu hapa kuliko kumjibu yeye peke yake. Asema kuwa katika mji wao pamefunguliwa jumba dogo la sinema, lisilokuwa la kampuni kubwa, lenye viti visivyozidi 60. Mwenye jumba ametoa tangazo la picha tano atakazozionyesha mwezi ujao, kila Jumamosi picha moja. Watoto wamelisoma tangazo, wakaomba wapelekwe. Baba yao akakata shauri kwa neno moja: "Sinema si mahali pa watoto wa Kiislamu." Hapo kijana wao wa miaka 14 akanong'ona, "Haidhuru, nitaziona kwenye simu." Mama akalisikia neno hilo, baba hakulisikia. Sasa atuuliza: amwambie nini mumewe, na amwambie nini mwanawe?

Kwanza twataka ifahamike kuwa kutoa fatwa si kazi ya ukurasa huu. Mashekhe wana khitilafu katika jambo la picha, na mwenye kutaka hukumu ya sharia na amwendee shekhe wake. Sisi twazungumza na wazazi juu ya malezi, kama ilivyo desturi yetu.

Baba wa watoto hawa hakusema neno la upuuzi. Kiza, mchanganyiko wa watu, nyimbo zisizo na haya, mabusu na bastola, hayo yote tumeyaona katika majumba ya sinema, na mzazi anayeyaogopea yuwafanya lililo wajibu wake. Lakini si kweli kuwa sinema ni kitu kigeni katika miji yetu. Unguja ilikuwa na jumba la Royal, lililochorwa na Mwingereza Sinclair na kufunguliwa mwaka 1921. Likaungua moto, na mahali pake pakajengwa jumba la Majestic katika miaka ya 1950. Mabibi zetu wengi wa Unguja na wa mrima wakienda katika maonyesho ya wanawake peke yao, wamevaa buibui, wakilia na picha za Kihindi kisha wakirejea nyumbani kabla ya magharibi. Wazee wale hawakuwa na dini pungufu kuliko sisi. Walichokuwa nacho ni mpango: nani aende, saa ngapi, pamoja na nani.

Siku hizi majumba mengi ya zamani yamefungwa, na mengine yamegeuzwa maduka au makanisa. Je, watoto wetu wameacha kuangalia picha? La. Sinema imeingia mfukoni. Mtoto hulala nayo chini ya mto, akaangalia peke yake usiku wa manane, wala hapana ajuaye ameona nini. Basi sisi twauliza: lipi la kuogopewa zaidi, jumba la viti 60 ambamo baba ameketi kando ya mwanawe, au chumba kilichofungwa mlango? Baba aliyekataza jumba na akaiacha simu amefunga dirisha, na mlango ameuacha wazi. Tena simu ile huenda ikawa yeye mwenyewe ndiye aliyeinunua.

Hayo yakisha kufahamika, na tuzitazame picha zenyewe moja moja, kwani neno "sinema" ni chombo tu, na chombo huhukumiwa kwa kilichomo ndani.

Ya kwanza ni al-Risala, yaani "Ujumbe", ya mwaka 1976. Aliyeitengeneza ni Mustafa al-Akkad, mzaliwa wa Halab katika nchi ya Shamu, aliyehamia Marekani. Alipiga picha mbili kwa pamoja, moja ya Kiarabu na moja ya Kiingereza, zenye wachezaji mbalimbali: Hamza wa Kiarabu ni Abdallah Ghaith, na wa Kiingereza ni Anthony Quinn. Mtume, rehema na amani zimshukie, haonyeshwi wala sauti yake haisikiki, na Sayyidna Ali huonyeshwi ila upanga wake. Watoto wetu watamwona Najashi wa Habash akiwapa Waislamu hifadhi, na watamsikia Bilal akiadhini. Na mtoto wa Kiafrika apaswa kujua nafasi ya bara lake katika khabari hizo. Mwezi Machi 1977, picha hii ilipokuwa ndiyo kwanza yaanza kuonyeshwa Marekani, watu wenye silaha waliwashika mateka watu zaidi ya 100 katika mji wa Washington, na moja katika madai yao likawa picha hiyo iondolewe. Kijana mmoja mwandishi wa khabari aliuawa. Hapa pana funzo kwa kila anayehukumu kitu kwa uvumi kabla ya kukitazama.

Lakini mzazi awe na hadhari moja. Mtoto akishaiona picha hii, kila akisikia jina la Hamza atauona uso wa mchezaji. Basi msomeshe sira kwanza, hata kwa usiku mitatu tu, kisha umwambie waziwazi: huyu ni mtu aliyeajiriwa kucheza, si Hamza. Picha yafaa kuwa nyongeza ya kitabu, haifai kuwa badali yake.

Ya pili ni khabari ya Umar al-Mukhtar, "Simba wa Jangwa", iliyotoka mwaka 1981, nayo ni ya al-Akkad huyo huyo. Umar alikuwa mwalimu wa Kurani katika Libya, na alipokuwa mzee wa miaka zaidi ya 70 alikuwa bado yuwapigana na jeshi la Kitaliano, hata akashikwa na kunyongwa tarehe 16 Septemba 1931. Serikali ya Italia iliipiga picha hii marufuku mwaka 1982, na Wataliano hawakuiona katika televisheni yao mpaka mwaka 2009. Mna vita na mna watu wanaonyongwa. Kwa hivyo hatuoni kuwa yawafaa watoto wadogo. Kijana wa miaka 14 yafaa aione, lakini akiwa na baba yake. Na baba akumbuke kumweleza mwisho wa al-Akkad mwenyewe: mwezi Novemba 2005 alijeruhiwa katika mabomu yaliyolipuliwa katika mahoteli ya Amman, akafa yeye na binti yake. Mtu aliyeutumia umri wake kuueleza Uislamu kwa walimwengu aliuawa na watu waliodai kuutetea.

Ya tatu ndiyo tunayoipenda kuliko zote kwa ajili ya watoto. Ni picha ya Kiajemi ya Majid Majidi, ya mwaka 1997, na maana ya jina lake ni "Watoto wa Mbinguni". Mtoto aitwaye Ali apelekwa kushonesha viatu vya dada yake Zahra, navyo vyampotea njiani. Baba yao ni fukara, na watoto wamwonea imani, hawataki kumwongezea deni. Basi watumia jozi moja ya viatu kwa wawili: Zahra aenda navyo shule asubuhi, kisha akimbia mbio kumrejeshea kaka yake apate kuwahi zamu ya mchana. Hapana bastola humo, hapana busu, wala hapana neno la aibu. Mna kipande kimoja ambacho baba yao aketi akivunja sukari ya msikiti, na mbele yake pana lundo lake. Bintiye amletea chai bila ya sukari, naye hataki kuchukua hata kipande kimoja katika lundo lile, kwa kuwa ni mali ya msikiti. Sisi tumesoma makala mengi juu ya amana, na mengine tumeyaandika wenyewe. Twakiri kuwa hapana hata moja litakalomwingia mtoto moyoni kama chai ile isiyo na sukari.

Ya nne ni "Safari Kubwa", ya mwaka 2004, kazi ya Ismaël Ferroukhi. Mzee wa Kimoroko aliyehamia Ufaransa ataka kwenda Hija kwa motokaa, na mwanawe, aliyezaliwa huko, alazimishwa kumwendesha, ilhali mtihani wake wa shule u karibu. Baba asema Kiarabu, mwana ajibu Kifaransa. Wavuka nchi baada ya nchi, na kila mpaka waupitao wawakaribisha pamoja kidogo. Mna kipande cha usiku, cha ulevi na mchezaji ngoma, kisichofaa kwa wadogo. Lakini twamwomba baba wa nyumba hii, tena twamwomba kwa heshima, aende kuitazama pamoja na mwanawe wa miaka 14. Mzee wa picha ile naye aliichukia simu ya mwanawe, akaitupa. Je, kuitupa simu kulimpatia mwana? Hilo hatulisemi, na aende akaone.

Ya tano ni Vuta N'kuvute, ya mwaka 2021, iliyotengenezwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni khabari ya Unguja ya miaka ya 1950, ya binti Yasmin aliyeozwa mzee asiyemtaka, na ya vijana waliokuwa wakipigania uhuru. Kiswahili chake ni cha nyumbani, na ilikuwa picha ya kwanza ya Tanzania kuonyeshwa katika maonyesho makubwa ya Toronto. Hiyo twasema ni ya watu wazima, kwa kuwa mapenzi yaliyomo si ya kuangaliwa na watoto. Lakini mume na mke waweza kwenda, na wakirudi wazungumze: bintiye mtu huozwaje, na huulizwa na nani?

Baada ya hayo twapenda kutaja mambo matatu ya vitendo.

La kwanza ni wakati. Mama atuambia kuwa picha zaanza saa kumi za alasiri. Al-Risala ni ya karibu saa tatu. Ikianza saa kumi itakwisha yapata saa moja, na magharibi ya pwani yetu huingia kabla ya hapo. Mchezo wowote unaompitisha mtu sala yake umekwisha kuwa khasara, hata ukiwa ni khabari ya Mtume. Basi mwendeeni mwenye jumba, mwombeni aanze saa nane, baada ya adhuhuri, au akate katikati kwa mapumziko kama ilivyokuwa desturi ya zamani. Hii ndiyo faida ya jumba dogo: mwenyewe yuko mlangoni, waweza kusema naye. Viti 60 vikiombewa na nyumba kumi, atasikiliza.

La pili ni kupima. Bodi ya Kenya inayokagua filamu huzitia alama: GE ni ya watu wote, PG yataka mzazi awepo, na 16 na 18 ni umri usioruhusiwa kupunguzwa. Ulizeni alama kabla ya kukata tiketi. Lakini alama ya serikali ni mwanzo tu. Mizani ya haya na murua i katika nyumba yenu.

La tatu ni mazungumzo. Picha isiyozungumzwa hukaa kwa mtoto kama chakula kisichotafunwa. Mkirejea, kabla ya kulala, muulizeni kila mmoja: nani amekupendeza, na kwa nini? Mtashangaa kwa mtakayoyasikia.

Sasa twamrudia mama yetu. Kwa mumeo, usiende na hoja ya kumshinda, kwani mtu aliyeshindwa mbele ya watoto wake hapati khasara peke yake. Mwambie faraghani neno ulilolisikia kwa mwanao, ambalo yeye hakulisikia. Mwambie kuwa mtoto amekwisha kuchagua kuangalia, na lililobaki ni kama ataangalia pamoja na baba yake au mbali naye. Kisha mwombe aende ile Jumamosi ya tatu tu, ya wale watoto wa viatu, akaone mwenyewe. Akirejea akasema bado hapendi, basi atakuwa amekataza kwa kujua, nanyi mtiini.

Na kwa mwanao, mwambie kuwa kunong'ona mbele ya mzazi si ushujaa. Alipenda kwenda sinema, amwendee baba yake, aketi, aseme: "Baba, nataka twende pamoja." Neno hilo ni zito kulitamka kwa kijana wa miaka 14, nasi twalijua, kwa sababu nasi tulikuwa na umri huo. Lakini ni wachache mno akina baba wawezao kulikataa.

Tukipewa uzima na Mwenyezi Mungu, twangojea barua yao ya pili. Wassalaam.