Wimbo wa Kusi Hii

Neno la Mhariri

Mwaka 1996, katika pwani ya mashariki ya Australia, watafiti waliokuwa wakirekodi nyangumi nundu waliwanasa madume wawili wenye wimbo wa kigeni. Wenzao, makumi kwa makumi, walikuwa wakiimba wimbo mmoja uliozoeleka huko. Wa wale wawili haukufanana nao hata kwa ubeti mmoja. Mwaka uliofuata wimbo huo ukaenea, na kufikia 1998 ule wa zamani haukusikika tena. Michael Noad na wenzake walipotafuta ulikotoka, waliukuta upande wa pili wa bara hilo: ulikuwa wimbo wa nyangumi wa pwani ya magharibi, wa Bahari ya Hindi. Habari hizo zilichapishwa na jarida la Nature mwaka 2000, na waandishi wake wakaliita tukio hilo mapinduzi ya kiutamaduni.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Nyangumi wa mashariki ya Australia waliacha mila yao kwa misimu miwili tu, na hakuna aliyewatumikisha.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wengi wetu tunaufikiria wimbo wa nyangumi kama uwikaji wa jogoo. Jogoo wa Tanga na jogoo wa Kisumu huwika namna moja, kwa kuwa kuwika wamezaliwa nako. Nyangumi nundu hujifunza. Huimba alichokisikia kwa majirani zake, na akipata majirani wapya huenda akapata na wimbo mpya. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya sauti za bahari, na hoja yangu ya kulifungulia ni hii: nyangumi wahesabiwe kwa nyimbo zao pia, tusiishie kwenye vichwa. Vichwa vinatuambia wako wangapi. Wimbo unatuambia nani anamsikia nani, na nani amebaki peke yake.

Tuutazame wimbo wenyewe kwa karibu. Mwimbaji ni dume, na huimba zaidi katika msimu wa kuzaliana. Mara nyingi hutulia mita kama ishirini chini ya maji, kichwa kimeinamia chini, mkia juu, wala kiputo kimoja cha hewa hakimtoki. Roger Payne na Scott McVay ndio walioonyesha, katika jarida la Science mwaka 1971, kwamba milio yake ina mpangilio, na msomaji aliyelelewa na ushairi wetu hatapata taabu kuuelewa. Mikoromo, vilio na miluzi huungana ikawa kitu kama mshororo. Mshororo hurudiwa na kurudiwa hadi ukajaza ubeti. Beti nazo hufuatana kwa utaratibu wake, na shairi zima laweza kuchukua dakika kumi, ishirini, au hata thelathini. Likiisha, mwimbaji huanza tena mwanzo, akipanda kuvuta pumzi na kushuka, saa baada ya saa. Madume wote wa eneo moja wana shairi moja. Katy Payne, aliposikiliza kanda za miaka mingi, aligundua kwamba shairi hilo halikai kama lilivyo: mshororo huu hurefushwa, ule hufupishwa, ubeti mmoja huachwa na mwingine kuingizwa, na waimbaji wote hubadilika pamoja.

Mabadiliko hayo husafiri. Ellen Garland na wenzake walifuatilia nyimbo za Pasifiki ya Kusini kuanzia 1998 hadi 2008, wakaziona zikitoka mashariki ya Australia kwenda Kaledonia Mpya, Tonga, Samoa ya Marekani na Visiwa vya Cook, mpaka Polinesia ya Ufaransa, takribani kila mara zikielekea mashariki. Sisi hatuna haja ya kushangaa sana. Ngoma ya beni ilitoka pwani ikapanda bara pamoja na askari na vibarua, na kila ilipofika ikapata wenyewe. Ila beni ilizikuta ngoma nyingine ikakaa nazo. Wimbo mpya wa nyangumi nundu ukishashika, wa zamani hutupwa.

Nyangumi buluu ni mtu wa kale. Wimbo wake ni mfupi na mzito, sehemu yake ikiwa chini mno kwa sikio la binadamu, na mpangilio wake hudumu miongo kadhaa. Kinachosogea ni kina cha sauti: tangu miaka ya 1960, sehemu nyingi za dunia, imekuwa ikishuka kidogo kidogo. Kwa kuwa mpangilio haubadiliki, wimbo wa buluu unafaa kuwa kitambulisho chake. Katika Bahari ya Hindi wataalamu walikwisha kuujua wimbo wa Sri Lanka, wa Madagaska na wa Australia ya magharibi. Mwaka 2017 Salvatore Cerchio na wenzake, wakirekodi kaskazini magharibi ya Madagaska, walisikia usiolingana na wowote kati ya hiyo. Rekodi za Oman zilipochambuliwa, wimbo huohuo ukajitokeza, tena kwa wingi zaidi. Mwaka 2020 wakatangaza kwamba nyangumi buluu wa Oman, waliokuwa wakidhaniwa kuwa wa kundi la Sri Lanka, huenda ni kundi lililojitenga na lenye wimbo wake. Wanyama wakubwa kuliko wote duniani walikuwa wamekaa katika kundi lisilo lao kwenye vitabu vyetu, na aliyewatoa humo ni msikilizaji. Kwa msomaji wa pwani hii kuna la ziada: kati ya Oman na Madagaska kuna Barawa, Lamu, Pemba na Mafia. Nyangumi hao, wapite karibu au mbali na nchi, wanapita upande wetu, kama majahazi yalivyopita.

Lakini walionifanya niandike maneno haya ni nyangumi nundu wa hukohuko Oman. Nundu wengine huhama. Wale wa kusini hututembelea kutoka Antaktika, na kati ya Julai na Oktoba huonekana Mtwara, Mafia, Zanzibar hadi Watamu. Wa Bahari ya Arabuni hawahami. Hula hapo, huzaa hapo, na huimba wakati wa kaskazi, wenzao wa kusi wakiwa wamesharudi kwenye barafu. Vinasaba vinaonyesha kwamba wametengana na wenzao kwa takriban miaka 70,000. Wimbo wao nao ni wa kwao, haufanani na ule unaosikika Msumbiji na Madagaska. Katikati ya miaka ya 1960 meli za Kisovieti ziliwaua zaidi ya 200 kinyume cha makubaliano ya kimataifa, na siri hiyo haikutoka hadi miaka ya 1990. Leo wanaokadiriwa kubaki katika maji ya Oman hawafiki 100, na wanaendelea kunaswa na jarife na kukabiliwa na hatari ya kugongwa na meli.

Sasa chukua hesabu ya vichwa. Kidunia, nundu amepona: wako makumi ya maelfu, na tangu 2008 orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini imemweka katika daraja la wasiotia wasiwasi mkubwa. Watie wale wasiofika mia ndani ya jumla hiyo, na hutawaona. Wakitoweka wote kesho, jumla haitatikisika. Marekani ilipoipitia upya orodha yake mwaka 2016, iliwagawa nundu katika makundi 14. Tisa yakaondolewa, na wa Bahari ya Arabuni wakabaki kati ya manne yaliyo hatarini zaidi. Mgawanyo wa namna hiyo ndio ninaoutetea, na wimbo ni shahidi mmoja wa kuuwekea mipaka, pamoja na vinasaba na picha za mikia.

Msomaji makini ataniuliza: ikiwa nundu wenyewe hutupa nyimbo zao kila baada ya miaka michache, sisi tunataka kulinda nini? Jibu langu ni lile ambalo mtu wa Makunduchi angempa anayeuliza faida ya Kikae, lahaja ya kwao. Lugha yoyote iliyo hai huacha maneno na kuokota mengine, na hilo halimuumizi mtu. Kinachouma ni kukosekana kwa wa kusema naye. Nyangumi wa mashariki ya Australia walipoteza wimbo wakabaki na jamii inayoimba. Wa Oman wakiisha, watakaosikika hapo baadaye watakuwa wageni.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wimbo ni wa madume na ni wa msimu. Majike na ndama hauwataji. Kweli. Ndiyo maana nikasema nyimbo pia. Lakini katika bahari pana, usiku, mawimbi yakiwa makubwa, jicho la mtafiti halifiki mbali, wakati haidrofoni iliyofungwa chini ya maji inaendelea kusikia. Mwaka mzima wa kusikiliza hugharimu kidogo kuliko wiki chache za meli ya utafiti.

Makala za toleo hili zimepangwa kutoka kusini kwenda kaskazini, jinsi kusi inavyovuma. Zinahusu nyangumi, pomboo na kelele za meli, na mojawapo inaeleza namna ya kurekodi kwa chombo kidogo: unazima injini, unashusha haidrofoni kwa kamba yenye kizito, unavaa vipokea sauti, unaandika saa na mahali, kisha unakaa kimya. Ninaomba wasomaji wetu wa vyuo, vikundi vya hifadhi na waongoza watalii waisome hiyo kwanza. Kazi nyingi za uhifadhi zinaweza kungoja bajeti ya mwakani. Hii inaharibika upesi. Nundu waliopita mbele ya Watamu na Mnemba kusi iliyopita wengi wao watarudi, lakini wimbo wao utakuwa umekwisha badilika. Kama hapakuwa na aliyeunasa, hakuna tena mwenye kuuimba.