Fedha za kukabili joto kali zipo

Wanaosema miji maskini haiwezi kugharimia kinga dhidi ya joto kali wamesikilizwa vya kutosha. Sasa hoja zao zipimwe moja moja, na msomaji awe hakimu.

Wanadai kwanza kwamba jambo hili ni la miji tajiri: halmashauri inayohangaika na taka na mitaro haiwezi kubeba mzigo mwingine. Uhaba huo ni wa kweli. Lakini Ahmedabad, India, nao si mji tajiri. Mei 2010 joto lilifika nyuzi 46.8, na vifo vya mwezi ule vilizidi kawaida kwa 1,344. Mwaka 2013 manispaa ikaanza mpango wake: tahadhari kwa wananchi mapema, wahudumu wa afya kufundishwa kumtambua aliyezidiwa na joto, vituo vya maji ya kunywa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na watumishi ambao tayari wanalipwa mshahara. Utafiti wa baadaye ulikadiria kuwa mpango uliepusha vifo takriban 1,190 kwa mwaka. Anayesema ni ghali ataje kifungu kingine cha bajeti yake kinachookoa watu wengi hivyo.

Pili wanasema: bima itatosha. Kipimo cha joto kikivuka kiwango cha mkataba, kampuni inalipa, na mji hautoi kitu. SEWA, chama cha wanawake wa sekta isiyo rasmi kilichoasisiwa Ahmedabad mwaka 1972, kimejaribu bima hiyo kwa nia njema. Mwaka 2023 wanawake 21,000 walikatiwa; msimu ukapita bila malipo, kwa kuwa joto halikufikia kiwango kilichoandikwa. Mwaka 2024, kati ya wanawake 50,000, zaidi ya 46,000 walilipwa. Haya ni mafanikio na nayaheshimu. Lakini tazama kiasi: kati ya rupia 151 na 1,651 kwa mtu. Fedha hizo humwezesha muuza mboga kupumzika siku chache bila watoto kulala njaa. Hazipandi mti wala hazipozi nyumba. Kisha kuna jambo ambalo watetezi hawa hawaligusi kabisa: joto likivuka kiwango kila mwaka, kampuni italipa kila mwaka, na ada itapanda hadi muuza mboga ashindwe kuimudu. Bima hudumu pale tu mji unapopunguza hatari yenyewe. Kuifanya mbadala wa matumizi ya mji ni kuiua.

Tatu, kwamba kivuli hakiingizi mapato, hivyo hakikopesheki. Ni kweli hakiingizi. Taa za barabarani haziingizi mapato pia, na zimewekwa, kwa bajeti ya kawaida. Yapo yanayolipiwa, na kubwa ni maji, ambayo mwili hauwezi kuyakosa siku ya joto. Ahmedabad iliuza hatifungani za rupia bilioni 1 mwaka 1998, bila dhamana ya serikali, kwa ajili ya maji na majitaka. Hapa kwetu, mamlaka ya maji ya Tanga mwaka 2024 ilitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa hatifungani ya kijani, na wawekezaji wakaleta zaidi ya zilizoombwa.

Mwisho wanasema joto kali ni janga, na majanga ni ya serikali kuu. Basi tuiangalie orodha ya kitaifa ya India, ile inayofungua mifuko ya maafa. Wimbi la baridi lilikuwamo. Wimbi la joto halikuwamo, na Kamisheni ya 15 ya Fedha ilipoombwa kuipanua orodha haikuona haja. Majimbo yakabaki na ruhusa ya kutumia hadi asilimia 10 ya mfuko wao kwa majanga ya kwao. Hata fedha hiyo ni ya msaada baada ya maafa, ilhali rangi nyeupe ya kupoza nyumba hupakwa mapaani kabla ya kiangazi: Ahmedabad ilipaka zaidi ya mapaa 3,000 mwaka 2017. Wenye hoja hii watuambie mhandisi wa manispaa asubiri vifo vingapi ndipo aidhinishiwe kununua chokaa.